Seward au Chase: yupi umchukue ukitaka kuielewa serikali ya Lincoln

Mwanafunzi wa historia, mwalimu anayeandaa somo au mwandishi wa makala akitaka kuzifahamu siasa za Marekani za karne ya 19 kupitia baraza la mawaziri la Abraham Lincoln, rais wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861 hadi 1865) kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi, majina mawili humkabili mapema. La kwanza ni William Henry Seward, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1861 hadi 1869. La pili ni Salmon Portland Chase, Waziri wa Fedha kuanzia 1861 hadi 1864. Ukiwatazama kwa mbali wanafanana mno. Wote walikuwa mawakili, wote waliongoza majimbo yao kama magavana, wote waliingia Seneti mwaka 1849, wote waliupinga utumwa wakati msimamo huo ulikuwa bado hauleti kura, na wote waliutaka urais wakaukosa. Kufanana huko ndiko kunakowaponza wengi: wanaandika nusu ya huyu na nusu ya yule, na kazi inatoka nyepesi.

Chukua mmoja. Swali lako likiwa ni diplomasia, upanuzi wa nchi au namna chama kinavyojengwa, chukua Seward. Likiwa ni fedha za vita, benki, kodi au mahakama, chukua Chase. Na kama bado huna swali, chukua Chase. Seward anapendeka haraka na anasimulika kwa urahisi, lakini Chase ndiye ambaye uamuzi wake unaweza kuufuata tangu siku alipoufanya hadi siku ulipomrudia mwenyewe akiwa amekalia kiti cha hukumu.

Walivyopanda

Seward alizaliwa tarehe 16 Mei 1801 katika kijiji kiitwacho Florida, ambacho kiko New York na hakihusiani na jimbo la Florida. Baba yake alikuwa daktari aliyemiliki watumwa, kwa kuwa New York haikumaliza utumwa hadi 1827. Alisoma Union College, akahamia mji wa Auburn na kufanya uwakili huko. Nguvu yake kisiasa ilitokana na ushirika wa maisha na Thurlow Weed, mhariri wa gazeti la Albany Evening Journal, aliyejua kupanga wajumbe, kugawa vyeo na kupata fedha za kampeni. Seward alihutubia, Weed alihesabu kura. Alishindwa ugavana mwaka 1834, akashinda 1838 kwa chama cha Whig, akarudi tena 1840.

Akiwa gavana alifanya mambo mawili yaliyomfuata miaka 20 baadaye. Alikataa kuwakabidhi Virginia mabaharia watatu weusi walioshtakiwa kwa kumsaidia mtumwa kutoroka. Pia alipendekeza watoto wa wahamiaji Wakatoliki wapate shule zinazogharamiwa na umma, wakiwa na walimu wa lugha na imani yao. Pendekezo hilo la pili lilimletea chuki ya waliowapinga wahamiaji, na chuki hiyo ilikuwa bado hai Pennsylvania na Indiana mwaka 1860, alipotafuta uteuzi wa chama kugombea urais na kuzihitaji sana kura za majimbo hayo. Wengi hueleza kushindwa kwake kwa msimamo wake juu ya utumwa peke yake, wakaliacha suala la shule. Usifanye hivyo.

Chase alizaliwa tarehe 13 Januari 1808 Cornish, New Hampshire. Alifiwa na baba akiwa na miaka 9, akalelewa kwa muda na baba yake mdogo, Askofu Philander Chase, huko Ohio. Alihitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akajifunza sheria Washington chini ya Mwanasheria Mkuu William Wirt, kisha akaenda Cincinnati mwaka 1830. Huko alikusanya na kuchapisha sheria zote za Ohio katika majuzuu matatu, kazi iliyompa jina kabla hajapata wateja wakubwa. Cincinnati ilitazamana na Kentucky ng'ambo ya mto Ohio, na Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa. Hivyo kesi za waliotoroka zilimfuata mlangoni. Hakuwa na mtu kama Weed. Alipanda kwa kuhama vyama: Whig, kisha Liberty, kisha Free Soil, kisha Republican, na mwaka 1868 akatafuta uteuzi wa Democratic. Useneta wake wa 1849 ulitokana na mapatano katika bunge la Ohio, ambapo wabunge wa Democratic walimpa kura na sehemu kubwa ya sheria za kibaguzi dhidi ya watu weusi katika jimbo hilo zikafutwa. Wapinzani wake hawakumsamehe, ingawa matokeo kwa watu weusi wa Ohio yalikuwa ya kweli.

Zingatia hapa: wakati huo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Kura ya wananchi kwa Seneti ilikuja mwaka 1913. Anayetafuta idadi ya kura za wananchi zilizompa Seward au Chase useneta anatafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Mahali walipokutana kabla ya Washington

Kesi moja inafaa kusomwa na kila mtu, yeyote atakayemchagua. John Van Zandt, mkulima wa Ohio, alikamatwa mwaka 1842 akiwa amewabeba watumwa tisa wa Kentucky kwenye gari lake la farasi. Mwenye watumwa akamdai fidia. Chase alimtetea, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, Seward alijiunga naye. Hoja ya Chase ilikuwa kwamba utumwa ni kiumbe cha sheria ya jimbo tu, na mtu akivuka mpaka wa jimbo hilo, sheria hiyo haimfuati. Walishindwa mwaka 1847. Hukumu ilipasa kufuata katiba kama ilivyokuwa, ndivyo alivyoandika Jaji Levi Woodbury.

Woodbury mwenyewe aliwahi kuwa waziri mara mbili, na wasomaji wa pwani yetu wana sababu ya kulijua jina lake. Alikuwa Waziri wa Jeshi la Majini wakati Edmund Roberts, mtu wa New Hampshire kama yeye, alipotumwa kufanya mkataba wa 1833 na Sayyid Said bin Sultan, mkataba uliofungua biashara ya Wamarekani Zanzibar.

Chicago, Mei 1860

Tarakimu za mkutano mkuu wa chama cha Republican uliomteua mgombea urais zinaeleza mengi kuliko kurasa za maelezo. Mshindi alihitaji kura 233. Duru ya kwanza: Seward 173½, Lincoln 102, Chase 49. Duru ya pili: Seward 184½, Lincoln 181, Chase 42½. Duru ya tatu Lincoln alifika 231½, akibakiza kura moja na nusu. Hapo mjumbe wa Ohio alisimama na kutangaza kwamba kura nne za jimbo lake zinatoka kwa Chase kwenda kwa Lincoln. Basi Seward alishindwa akiwa mbele, kwa sababu kura zake ziligota. Chase alishindwa kwa sababu hata jimbo lake mwenyewe halikumuunga mkono kwa sauti moja.

Lincoln aliwachukua wote wawili. Wengine hulisifu hilo kama ukarimu. Ni sahihi zaidi kuliona kama hesabu: chama kilikuwa na umri wa miaka sita tu, kimeundwa na waliokuwa Whig na waliokuwa Democratic, na kila upande ulitaka mtu wake mezani.

Kazi ya Seward wizarani

Alianza vibaya. Tarehe 1 Aprili 1861 alimwandikia Lincoln waraka uliodokeza kuchokoza ugomvi na mataifa ya Ulaya ili kuiunganisha nchi, na kwamba yeye yuko tayari kuongoza sera hiyo. Lincoln alijibu kwamba kitu kikipaswa kufanywa, atakifanya yeye. Ukiishia hapo utamchora Seward kama mjinga mwenye kiburi, na utakuwa umekosea, kwa sababu miezi minane baadaye alifanya kazi bora kuliko mwanadiplomasia yeyote wa vita vile.

Novemba 1861 meli ya kivita ya Marekani iliisimamisha meli ya barua ya Uingereza, Trent, ikawachukua wajumbe wawili wa majimbo yaliyoasi, Mason na Slidell. Waingereza walidai waachiwe, wakaanza kutuma askari Kanada. Wananchi wa Kaskazini walikuwa wakishangilia. Seward alitafuta njia ya kuwaachia bila kuonekana amepiga magoti. Alidai kwamba nahodha alikosea kwa kutoipeleka meli yenyewe mahakamani, na kwamba Uingereza kwa kulalamika inaikubali kanuni ambayo Marekani iliidai tangu zamani. Baraza lilikubali tarehe 26 Desemba. Chase naye alikubali, akiandika kwamba jambo hilo lilikuwa chungu kwake kama shubiri.

Mambo mengine ya kumfuatilia ni mawili. Julai 1862 Lincoln alipowasomea mawaziri rasimu ya Tangazo la Ukombozi, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, Seward alishauri lisubiri ushindi wa kijeshi, lisije likaonekana kilio cha serikali iliyoshindwa. Likatoka tarehe 22 Septemba, siku tano baada ya mapigano ya Antietam. Na Aprili 1862 alitia saini mkataba na Uingereza ulioruhusu meli za kila upande kupekua za mwenzake zikishukiwa kubeba watumwa, jambo ambalo Marekani ilikuwa imelikataa kwa miongo mingi. Mwaka 1863 eneo la upekuzi liliongezwa hadi kwenye bahari inayoizunguka Madagascar. Anayeandikia wasomaji wa Afrika Mashariki atapata hapa kiungo cha kweli. Kingine kiko kwenye barua za balozi mdogo wa Marekani Zanzibar, ofisi iliyokuwapo tangu 1837 na iliyoripoti kwa wizara hiyo hiyo. Vita vilivuruga biashara ya kitambaa cha amerikani, na wauza nguo kutoka kwingine wakapata nafasi.

Kazi ya Chase wizarani

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Deni la serikali lilikuwa takriban dola milioni 65 mwaka 1860. Mwaka 1865 lilizidi bilioni 2.6. Chase hakuwa na elimu ya fedha. Alijifunza akiwa kazini, na makosa yake yanafundisha kuliko mafanikio yake.

Kosa la kwanza: mwaka 1861 alikopa dola milioni 150 kutoka benki za New York, Boston na Philadelphia, akasisitiza zilipwe kwa dhahabu ndani ya hazina ya serikali, badala ya kuacha fedha hizo benki na kuandikiana hundi. Sheria ya zamani ya hazina ilimtaka hivyo, ingawa Bunge lilikuwa limeilegeza. Dhahabu ikaondoka benki na haikurudi upesi. Habari za Trent zilipozua hofu ya vita na Uingereza, wenye amana wakakimbilia kutoa zao. Tarehe 30 Desemba 1861 benki za New York ziliacha kulipa kwa dhahabu. Ona jinsi meza ya Seward na meza ya Chase zilivyogusana: baraza lilikuwa limekubali siku chache tu kabla kuwaachia Mason na Slidell, lakini hazina ilikuwa imeshaumia.

Likabaki suluhisho ambalo Chase hakulipenda, yaani noti za karatasi ambazo sheria inamlazimisha kila mtu kuzipokea kama malipo ya deni. Wazo lilisukumwa na Mbunge Elbridge Spaulding. Chase alisita, kisha tarehe 3 Februari 1862 akamwandikia kwamba haraka inahitajika, hazina iko karibu tupu. Sheria ilipita tarehe 25 Februari, ikiruhusu noti za dola milioni 150. Kiasi kilichoruhusiwa kiliongezwa baadaye hadi milioni 450. Ndizo noti za kijani, na ile ya dola moja ilikuwa na picha ya Chase mwenyewe.

Sheria hiyo hiyo iliruhusu hati fungani za dola milioni 500 zenye riba ya asilimia 6, ambazo serikali ingeweza kuzikomboa baada ya miaka 5 na ilipaswa kuzilipa ndani ya miaka 20. Mwanzoni hazikuuzika. Chase akampa kazi Jay Cooke, mwenye benki wa Philadelphia, aliyetuma mawakala hadi vijijini na kujaza magazeti matangazo. Hati ndogo kabisa ilikuwa ya dola 50. Kilichowavuta wanunuzi, mbali na uzalendo, ni kwamba walilipia kwa noti za karatasi na kupokea riba kwa dhahabu. Kufikia Januari 1864 zote zilikuwa zimeuzwa. Ongeza sheria za benki za kitaifa za 1863 na 1864, na kodi ya mapato ya kwanza ya serikali kuu, iliyopitishwa Agosti 1861 kwa asilimia 3 ya kipato kinachozidi dola 800 kwa mwaka, utaona kwamba mifupa ya mfumo wa fedha wa Marekani ilifungwa katika miaka hiyo mitatu.

Kosa la pili ni Juni 1864. Bei ya dhahabu ilipopanda, Chase alilishawishi Bunge lipige marufuku biashara ya dhahabu ya ahadi, yaani kuuziana leo dhahabu itakayokabidhiwa baadaye. Sheria ilianza tarehe 17 Juni. Wauzaji wakajificha, wanunuzi waliohitaji dhahabu kulipia ushuru wa forodha wakaikosa, na bei ikapaa badala ya kushuka. Tarehe 2 Julai sheria ikafutwa. Mwezi huo dola ya karatasi ilishuka hadi kama senti 35 za dhahabu.

Desemba 1862: siku tano za kuwalinganisha

Baada ya jeshi kushindwa Fredericksburg tarehe 13 Desemba, maseneta wa Republican walitaka Seward aondolewe. Walikuwa wamesikia kutoka kwa Chase kwamba Rais hawashauri mawaziri na kwamba Seward ndiye anayemshika sikio. Seward alipopata habari aliandika barua ya kujiuzulu papo hapo. Lincoln hakumjibu. Tarehe 19 usiku aliwaita maseneta, nao wakawakuta mawaziri wote wameketi isipokuwa Seward. Akauliza mbele ya wote kama baraza hushauriwa. Chase alibanwa: akisema hapana, atamkana Rais usoni, akisema ndiyo, atawakana maseneta aliowanong'oneza. Akasema, kwa shingo upande, kwamba kwa jumla baraza limekuwa na umoja.

Kesho yake alifika na barua yake ya kujiuzulu. Aliitoa lakini akawa kama anaishikilia, na Lincoln akanyoosha mkono mrefu akaichukua. Sasa alikuwa na barua mbili, moja ya kila upande wa chama, na akazikataa zote. Alimwambia seneta mmoja kwamba sasa anaweza kuendelea na safari, ana boga kila upande wa mfuko, yaani mzigo umesawazika. Wasomaji wa Seward hulisimulia tukio hili kama ushindi wa Seward, na wa Chase kama aibu ya Chase. Liandike kama lilivyokuwa: mawaziri wote wawili walijifunza kwamba vyeo vyao viko mikononi mwa Rais. Seward hakusahau. Chase alisahau: Februari 1864 marafiki zake walisambaza waraka wa kumtaka agombee dhidi ya Lincoln, na tarehe 29 Juni alijiuzulu tena katika mvutano kuhusu cheo kimoja cha hazina New York. Safari hii barua ilikubaliwa.

Baada ya Lincoln

Seward alinusurika kisu cha Lewis Powell, mmoja wa waliokula njama dhidi ya Lincoln, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 Lincoln alipopigwa risasi, taya lake likiwa limekwisha vunjika katika ajali ya gari la farasi siku tisa kabla. Alibaki na Rais Andrew Johnson, aliyemrithi Lincoln, hadi 1869 na kumtetea, uamuzi unaotia doa rekodi yake kuhusu haki za watu weusi. Machi 1867 alinunua Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Waandishi wengi hurudia kwamba nchi nzima ilimcheka. Tazama kura: Seneti iliridhia 37 kwa 2. Kilichokwama ni fedha, ambazo Baraza la Wawakilishi lilizitoa Julai 1868 kwa kura 113 dhidi ya 43, na ucheleweshaji huo ulihusiana sana na ugomvi wao na Johnson.

Chase aliteuliwa Jaji Mkuu na kuthibitishwa siku hiyo hiyo, tarehe 6 Desemba 1864. Februari 1865 mahakama yake ilimpokea John Rock, wakili wa kwanza mweusi kuruhusiwa kusimama mbele yake. Mwaka 1868 aliongoza kesi ya kumwondoa Johnson, aliyeponea kwa kura moja. Kisha likaja la noti. Tarehe 7 Februari 1870, katika kesi ya Hepburn dhidi ya Griswold, Jaji Mkuu Chase aliamua kwamba kuzilazimisha noti za kijani kwa madeni ya kabla ya sheria ya 1862 kulivunja katiba. Noti hizo hizo zilizobeba sura yake. Ndani ya hukumu anakiri kwamba katika ghasia za vita hata baadhi ya waliochukia jambo hilo walijikuta wanalikubali, bila kujitaja jina. Siku hiyo hiyo Rais Grant alipendekeza majaji wawili wapya, na Mei 1871 mahakama ikageuza uamuzi kwa kura 5 dhidi ya 4, Chase akiwa upande ulioshindwa.

Uanzie wapi

Ukimchukua Chase, anza mwisho. Soma hukumu ya Hepburn (juzuu la 75 la ripoti za Mahakama ya Juu, ukurasa 603), kisha ile iliyoigeuza, Knox dhidi ya Lee (juzuu la 79, ukurasa 457). Ndipo urudi kwenye taarifa zake za Desemba 1861, 1862 na 1863 kwa Bunge, ambamo anaeleza mapato, mikopo na noti kwa tarakimu. Shajara yake ya 1862 inafaa, lakini soma kila ukurasa ukijua kwamba anaandika akiwa na urais akilini. Pitia pia shajara ya Gideon Welles, Waziri wa Jeshi la Majini, ukijua kwamba Welles hakumpenda yeye wala Seward. Usiihusishe Benki ya Chase na kazi yake: ilianzishwa mwaka 1877, miaka minne baada ya kifo chake, ikachukua jina lake kwa heshima tu.

Ukimchukua Seward, anza na hotuba mbili nzima: ya tarehe 11 Machi 1850 kuhusu sheria iliyo juu kuliko katiba, na ya Rochester, Oktoba 1858, kuhusu mgongano usioepukika. Zimenukuliwa kwa vipande hadi zimepoteza sura. Ukizisoma kamili utakuta mtu mpole kuliko vipande vinavyodai. Kisha fuata barua za wizara. Mfululizo wa serikali unaochapisha nyaraka za mambo ya nje ulianza chini yake mwaka 1861, umepangwa kwa mwaka na nchi, na unasomeka bure mtandaoni. Chukua barua za London za Novemba 1861 hadi Januari 1862 na uzisome kwa mpangilio wa tarehe, ukikumbuka kwamba barua ilichukua karibu wiki mbili kuvuka Atlantiki, hivyo kila jibu linajibu hali iliyokwisha pita. Alaska iache hadi uwe umeandika kila kitu kingine, na uipe kurasa chache.